Kina cha Mtaro

Zahanati, 4 Machi

Mdogo wangu Rula,

Salamu nyingi. Sisi huku ni wazima, ukiacha mgongo wa Baba Mdogo ambao kila siku unauma mahali papya. Barua hii nampa dereva wa lori la maziwa kama kawaida, na kama kawaida ameniuliza kama wewe na mimi hatuna simu. Nimemjibu kwamba simu tunazo, mtandao ndio hatuna, labda atubebee na huo kwenye mitungi yake.

Jana kulikuwa na mkutano wa kijiji kuhusu mtaro wenu. Nilitumwa mimi kuwaeleza watu, eti kwa sababu ndugu yangu ndiye mkuu wa kikosi kinachochimba. Nimeeleza mpaka koo limekauka. Nimewaambia mkongo wa intaneti ukifika, muuguzi wao, yaani mimi, ataongea na daktari wa mjini ana kwa ana kwenye kioo cha kompyuta, na majibu ya vipimo vya damu hayatasafiri tena wiki mbili pamoja na maziwa. Wa mbele walinielewa. Wa nyuma walitaka kujua jambo moja tu: mkipita kwenye mashamba yao, wataruhusiwa kulima juu yake, au ndiyo shamba limekwenda?

Watatu walikataa katakata. Ndipo Baba Mdogo akainuka, mkono mmoja kiunoni, akasema, "Pitisheni kwangu. Huyo anayechimba nimemlea mwenyewe, nikimwita anaitika." Watu wakacheka, na wale watatu wakalegea.

Sasa niandikie kina chenyewe niwasomee. Usiniandikie kwamba ni kirefu sana. Wanataka namba.

Dada yako


Kambini, 15 Machi

Dada,

Waambie hivi: mita moja na sentimita ishirini. Baba Mdogo akisimama ndani ya mtaro, ukingo unamfika kifuani. Juu yake walime, wapande miti, wachimbie nguzo za uzio, hakuna jembe litakalofika. Wasomee maneno hayo hayo, na jina langu ulitaje.

Waambie pia, hasa vijana, kwamba humo hamna shaba ya kuuza. Tunalaza bomba, ndani ya bomba waya, na ndani ya waya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Mwanga ndio unaopita humo. Kuunga uzi mmoja uliokatika ni kazi ya mashine na mkono usiotetemeka.

Kila mita mia moja nasimamisha fimbo ya vipimo mtaroni, ile yenye rangi nyekundu na nyeupe, mwenzangu anapiga picha, mimi natia sahihi. Unaikumbuka fimbo aliyonichongea Baba Mdogo nilipokuwa darasa la tatu, nikapima nayo kila kitu hadi mkia wa mbuzi wa jirani? Mkaniita Rula kwa kunicheka. Leo nalipwa kwa ujinga ule ule. Nimekuwekea picha moja humu ndani, umwonyeshe.

Tumefika kwenye mawe, kilomita tatu kabla ya kijiji. Mashine ya kuvunjia mawe imeharibika, na nyingine haijulikani itatoka wapi. Msimamizi anasema mwisho wa Aprili ni mwisho wa Aprili. Hilo usiwaambie. Tutafika.

Mdogo wako, Rula


Zahanati, 9 Mei

Rula wetu,

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwa kalamu, na naiandika kwa maringo tu. Mtandao umewaka! Juzi nimemwonyesha daktari mtoto mwenye vidonda kichwani, akasema sogeza taa, nikasogeza, akataja dawa, na dawa ilikuwa kabatini kwangu miezi yote hiyo. Mama mtu alilia. Na mimi nililia, nikajifanya nafuta kioo.

Baba Mdogo alifunga pampu ya maji mapema ili aje kumwona daktari. Miaka kumi na mmoja tangu kijiji kimkabidhi ule ufunguo, hajawahi kufunga mapema hata siku moja. Alivaa koti. Alimsimulia daktari historia ya mgongo wake tangu ujana, na alipomaliza akamwambia, "Waya unaokuleta hapa umepita kwenye shamba langu."

Picha yako nimeibandika ukutani, juu ya mizani ya watoto. Akina mama wakiuliza huyu nani, nawajibu kabla hawajamaliza kuuliza. Kuanzia leo tuandikiane kwenye kompyuta kama watu wa maana.

Dada yako


Zahanati, 21 Juni

Mdogo wangu,

Nilikuambia ile ni ya mwisho. Nimerudi kwenye kalamu, na mkono ni mzito.

Mkongo umekatika tangu tarehe 8, na aliyeukata ni Baba Mdogo. Alikuwa anachimbia nguzo za uzio ili mbuzi wasiingie bustani ya shule. Jembe likagonga bomba, akadhani ni mzizi, akapiga tena. Alikuja mwenyewe zahanati kuniambia, ametota jasho. Kabla sijafunga mlango nimfuate, vijana walishafika pale kutafuta shaba. Wameuvuta waya, shimo wamelipanua, hakuna cha kupima wala cha kuunga kilichobaki.

Siku ya nne akaja mhandisi wa kampuni. Alikuwa na fomu zako na picha zako, Rula, zote. Akamwonyesha mwenyekiti: hapa kina ni mita moja na ishirini, tazama fimbo, tazama sahihi. Akasema mtu hafiki huko kwa bahati mbaya. Aliyefika huko amechimba kutwa nzima akijua anachokitafuta. Akakataza mtu yeyote kugusa mtaro, na akasema hawaungi waya mpaka mhalifu achukuliwe hatua.

Mwenyekiti akaita mkutano. Baba Mdogo aliapa kwamba shimo halikumfika hata magotini. Watu wakaanza kunong'ona. Nikasimama mimi. Nilikuwa na barua yako mfukoni, ile ya Machi, nikaisoma neno kwa neno na jina lako nikalitaja, kama ulivyotaka. Kisha nikamwambia mbele ya wote, "Baba Mdogo, umeniaibisha."

Wamemnyang'anya ufunguo wa pampu. Tarehe 2 Agosti kuna mkutano wa mwisho, kisha atapelekwa polisi. Watoto wanamwita mwizi wa mwanga.

Rula, wewe ndiye mjuzi. Niambie, mzee anaweza kukosea namna hii? Au nimeishi na mtu nisiyemjua? Siwezi kumtazama usoni.

Dada yako


Kambini, 29 Juni

Dada,

Nimepata barua yako. Pole sana. Huku kazi zimetubana, tuko mbali na barabara, ndiyo maana nimechelewa.

Mambo ya ardhi ni magumu kuyaeleza kwa barua. Udongo unahama, mvua inachukua wa juu, kuna sababu nyingi za kitaalamu. Ushauri wangu, msimkazanie sana mzee. Umri wake umekwenda. Mwambie mwenyekiti kampuni huwa inasamehe makosa ya kwanza, asikimbilie polisi. Na ile barua yangu, hapakuwa na haja ya kuisoma tena mkutanoni. Ilikuwa ya kuwatuliza watu wakati ule.

Kuja kwa sasa sitaweza. Msimamizi hatoi ruhusa.

Ile picha, kama ingali ukutani, ishushe. Inapauka kwa jua.

Mdogo wako, Rula


Nyumbani, 6 Julai

Mwanangu,

Unaona mwandiko wangu umekuwa wa kuku, lakini sikutaka kumpa mtu mwingine kalamu. Dada yako haji siku hizi. Ana kazi nyingi.

Kwanza nakuomba radhi. Nimekukatia kazi yako. Nimesikia mlilala kwenye mahema na kula vumbi ili mtufikie, na mimi kwa mapigo mawili ya jembe nimeharibu. Wasikukate mshahara kwa sababu yangu. Waambie mzee alikosea.

La pili, nimekuwekea humu uzi. Siku ile, kabla sijamwita mtu yeyote, niliinama nikapima kutoka juu ya ardhi mpaka kwenye bomba, nikafunga fundo. Wewe ulinizoesha kupima. Uzi huu sikuuonyesha mkutanoni. Dada yako alikuwa ameshasoma barua yako, na kama ningeutoa ningekuwa nakuita mwongo mbele ya watu. Labda ardhi imeshuka. Wewe ndiye mwenye elimu ya mambo hayo. Upime mwenyewe kwa fimbo yako, kisha uzi uutupe. Mimi sina haja nao tena.

Ufunguo wa pampu wamempa mwingine. Anachelewa kufungua, akina mama wanasimama juani.

Mgongo haujambo kidogo.

Baba yako mdogo


Kambini, 14 Julai

Dada,

Uzi una sentimita thelathini na nane. Nimeupima mara tatu, nikitumaini nimekosea. Nilijua nitakuta nini kabla sijaukunjua.

Ardhi haikushuka. Mvua haikuchukua kitu. Yote niliyokuandikia mwezi uliopita ni uongo wa mtu aliyekosa pa kujificha.

Nakueleza ilivyokuwa. Mashine ya mawe haikuja. Kwa sururu tulikuwa tunakwenda mita nane kwa siku, na zimebaki kilomita tatu. Msimamizi akaniita akasema, "Mimi nataka picha na sahihi. Usipozileta, mkongo unaishia njia panda, na kijiji chako kitasubiri mradi mwingine." Tulishaufikisha vijiji kumi na vinne, Dada. Kumi na vinne vyote vya watu wengine. Niliona nitakavyokuja nyumbani na kuwaambia kwamba tumefika kote isipokuwa kwenu. Sikuweza. Au niseme kweli: nilitaka kusifiwa na Baba Mdogo.

Tukachimba tulivyoweza, pengine magotini, pengine chini ya hapo, tukafukia. Kando ya barabara palikuwa na shimo moja zuri, la udongo laini, la mita moja na ishirini kamili. Tukapiga picha zote thelathini humo humo. Tulikuwa tunabadilishana mashati na viatu ili zisifanane. Wenzangu walicheka, nikacheka nao. Fomu thelathini nikatia sahihi mchana mmoja, na mkono haukutetemeka. Hata ile picha niliyokutumia mwanzoni, iliyo ya kweli, siku hizi naona haya kuikumbuka.

Nilijiambia hakuna atakayechimba pale. Nikasahau kwamba mimi mwenyewe niliwaandikia wachimbie nguzo. Alichimba kwa sababu nilimruhusu.

Wiki hizi zote nimekula na kulala nikijua kwamba yule mzee anaitwa mwizi kwa sahihi yangu. Yeye ananiomba radhi mimi! Barua yake sijaweza kuisoma mpaka mwisho nikiwa nimekaa na watu. Naisomea nyuma ya gari.

Hii hapa, pamoja na uzi. Ipeleke mkutanoni uisome kama ulivyoisoma ile nyingine. Kazi nitafukuzwa, na huenda polisi wakanitafuta mimi. Sawa. Ila nakuomba uisome wewe. Nikifikiria nyuso za watu wa pale, siwezi kuja.

Mdogo wako


Zahanati, 22 Julai

Kwako,

Nimeona hukuandika jina lako mwishoni. Na mimi nimeshindwa kuliandika mwanzoni.

Wiki nne nimepita mlangoni kwa Baba Mdogo bila kumsalimia. Nilikuwa nazunguka nyuma ya shule ili tusikutane. Mtu aliyeuza koti lake zuri ili mimi niende chuo cha uuguzi, lile analovaa sasa ni la pili! Wewe uliandika, lakini aliyesimama na kumsomea mashtaka ni mimi. Hilo siwezi kukutupia wewe.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwake moja kwa moja. Nilipiga magoti mlangoni, nikampa aisome. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Hakushtuka hata kidogo. Kisha akasema, "Itie motoni." Nikadhani sikusikia. Akaendelea, "Mimi nimebakiza miaka mingapi? Jina langu likichafuka, nitakufa nalo litasahaulika. Yeye ana kazi, ana maisha. Itie motoni, mwanangu, na tusiongee tena." Akanipa kiberiti, Rula. Akanishika mkono nikichukue.

Kiberiti nilikipokea. Nilikaa na barua hiyo jikoni mpaka maji ya kuogea yakachemka na kukauka. Nakiri nilitamani. Kwa nukta moja niliona jinsi mambo yangekuwa mepesi kwetu sisi wawili.

Sikuichoma. Lakini sitaisoma. Barua yako moja niliisoma mbele ya watu na ikamvua mtu ufunguo. Sina mdomo wa kusoma ya pili. Nimekurudishia hii pamoja na uzi, vyote vimo humu ndani. Mkutano ni Jumamosi ya tarehe 2, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Mhandisi atakuwepo. Lori la maziwa linafika saa tatu, na dereva nimemwambia akuwekee nafasi.

Usipokuja, Baba Mdogo atakiri kwamba alichimba kwa makusudi. Ameniambia hivyo, na unamjua.

Dada yako


Zahanati, 6 Agosti

Rula,

Jumamosi uliondoka mkutanoni kabla hata ya salamu. Nilikufuata mpaka kwenye bustani, nikaona mgongo wako tu barabarani, nikakosa nguvu ya kuita.

Sikuandikii kukusifu. Ulianza kusoma kwa sauti ya chini, na mtu mmoja wa nyuma akapaza, "Ongeza sauti, hatusikii!" Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa najua kila neno lililofuata, na bado nilitamani uishie katikati. Ulipokunja karatasi na kuomba jembe, watu walidhani umechanganyikiwa. Ukachimba mwenyewe mahali patatu, mhandisi akikukataza na mwenyekiti akimwambia akuache. Ukasimamisha fimbo. Thelathini na nane. Arobaini na moja. Thelathini na tano. Mhandisi alikuwa anaandika, kisha akaacha kuandika.

Hakuna aliyekuzomea. Nilijiandaa kwa kelele, nikakuta watu wanatazama chini, kila mtu anatazama miguu yake, kwa sababu hakuna aliyekuwa hajamwita mzee yule mwizi. Sijui kama uliona hilo. Ulikuwa umeinama.

Kampuni imesema italeta mashine ichimbe upya kilomita zote tatu. Lini, hawasemi. Msimamizi wako naye ameitwa makao makuu. Majibu ya damu yanasafiri tena na maziwa, na wiki hii mama mmoja amenisimamisha mlangoni akiniuliza kama ndugu yangu ndiye yule. Nimemjibu ndiye. Picha yako nimeishusha. Sikuitupa, imo kwenye droo pamoja na kadi za watoto.

Mwenyekiti alimrudishia Baba Mdogo ufunguo palepale. Aliupokea, akauangalia kama wameubadilisha, akaenda kufungua pampu kwa sababu muda ulikuwa umefika. Jioni nilikwenda kwake. Aliniacha nisimame mlangoni kitambo kirefu kabla ya kusema karibu. Ilinistahili.

Sasa amekaa hapa, anataka kuongeza maneno. Nampa kalamu.

Dada yako


Mwanangu,

Fimbo yako uliiegemeza kwenye ukuta wa pampu ukaisahau. Nimeitumia kwa nguzo za uzio. Mashimo kumi na moja, yote yana sentimita sitini, hakuna nililolipunja.

La kumi na mbili ndilo lile lililofika kwenye bomba. Nimelisogeza hatua tatu kutoka kwenye mkongo na bado sijalichimba. Mbuzi wanapita hapo hapo, na mwalimu analalamika. Nimemwambia angoje, kuna mtu anakuja.

Utachimba wewe. Mimi nitapima.

Baba yako mdogo